Chakula Kisicho na Mama

Mume wangu aliingia kazi ya Mdachi kwa sababu ya nyama. Wenzake wengine walikwenda kwa kulazimishwa, wengine kwa kuogopa boma, lakini yeye alivutwa na mate yake mwenyewe. Njaa iliyofuata vita vya maji ilikuwa ndiyo kwanza imelegea, na alikuwa amesikia kwamba wazungu wanaopita bondeni hupiga nyati kila baada ya siku mbili, wakajichukulia ulimi na ini, wakawaachia watu wao mnyama mzima. Basi mzungu wa kupima ardhi alipofika Ifakara akitafuta watu wa kushika mnyororo, mume wangu alikuwa wa kwanza kujipanga mstarini. Amevaa kaniki safi, na kisu ameshakinoa.

Kisu kile hakikugusa nyama hata siku moja kwa muda wote wa kazi ile.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta mahali pa kupitisha gari la moshi, kutoka Ifakara kuelekea Idete na kuendelea hadi upande wa Mofu. Walikuwa wanaume kumi. Wawili walivuta mnyororo wa kupimia, wengine walifyeka nyasi, mmoja alibeba chombo cha miguu mitatu ambacho mzungu alikichungulia siku nzima kwa jicho moja. Juu yao alikuwepo msimamizi, mtu mnene wa Mrima mwenye kilemba, aliyekuwa ametumikia wazungu wengi na kula nyati wengi, na alipenda kuwasimulia wenzake habari za nyati wale mmoja mmoja, kama mtu anayewasimulia ndugu zake waliofariki.

Siku ya pili ya kazi walikuta kundi la nyati limesimama karibu kabisa, wanakula majani. Wanaume wote wakachuchumaa. Msimamizi akamkabidhi mzungu bunduki kwa mikono miwili. Mzungu akaipokea, akaiweka chini, akavua kofia yake, akawatazama wale nyati kwa muda mrefu huku anatabasamu. Halafu akaandika kitu kwenye kitabu chake, akasema, "Wazuri sana," akavaa kofia, akarudi kwenye chombo chake cha miguu mitatu. Mume wangu aliniambia kwamba msimamizi alitoa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwa mtu mzima.

Siku hiyohiyo mpishi wa mzungu, aliyekuja naye kutoka Pwani, alimwandalia kuku wa kukaanga. Mzungu alisimama mbele ya sahani akatoa hotuba. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza njiani, lakini kila mtu alielewa. Alisema, "Mimi hapana kula kitu yenye mama."

Mpishi alisubiri kuona kama ni mzaha. Alipoona si mzaha, alifunga sufuria zake asubuhi yake akarudi Pwani. Alisema hakuzaliwa aje kuwapikia watu majani.

Ndipo mume wangu, sijui shetani gani alimpanda, akanyoosha mkono akasema, "Bwana, mke wangu anajua majani."

Kweli niliyajua. Njaa ilikuwa imenifundisha majani yote ya bonde hili, yale matamu na yale ambayo ukishayala unajuta mpaka siku ya tatu. Lakini kuyajua ni jambo moja, na kuitwa mbele ya Mdachi ni jambo jingine. Nilikwenda nikiwa nimejifunga kanga ya harusi, na mama mkwe akanisindikiza ili ashuhudie nikinyongwa.

Nilipiga goti nikasema, "Shikamoo, bwana."

Akainama naye kwa heshima akasema, "Shikamoo, bibi!"

Mama mkwe alijiziba mdomo kwa ukaya aliojifunika kichwani. Mzungu mzima, mwenye ndevu kama za mahindi, ananiamkia mimi, msichana wa juzi! Nikasema "Marahaba" kwa sauti ya chini, na yeye akafurahi sana. Tangu siku hiyo hadi anaondoka, kila asubuhi alikuwa akiniamkia, na mimi nikawa naitikia.

Alinieleza shida yake. Kazi ilikuwa mbali na kambi, hawawezi kurudi adhuhuri kula. Alitaka chakula cha kubeba, kilichofungwa kwenye jani, kila mtu na chake, kiwe kizuri kwa tumbo, kitie nguvu, na kisiwe na mama. Si chake peke yake. Watu wote kumi na msimamizi wao walipaswa kula hichohicho, kwa sababu, alisema, nyama inafanya miguu kuwa mizito na roho kuwa kali.

Mama mkwe aliniuliza kwa Kindamba chetu kama huyu mtu ni mgonjwa. Nikamwambia sijui, lakini amesema kumi na wawili, tukatafute majani ya mgomba ya kutosha.

Taabu ilianza na lile neno "mama". Tulikaa jikoni, mimi na mama mkwe, tukapitisha vyakula vyote vya dunia, kimoja kimoja. Yai lina mama, hilo halina ubishi. Maziwa ndiyo mama mwenyewe. Asali ikatusumbua, tukaiacha pembeni. Halafu mama mkwe akainua kidole.

"Ndizi," alisema.

"Ndizi ina nini?"

"Ina mama. Hujaona mgomba? Mama anasimama katikati, watoto wanachipua pembeni. Ukimkata mama, mtoto anashika nafasi. Hata sisi wenyewe tunauita mama mgomba."

Nikaiondoa ndizi, maana ni kweli. Kwa njia hiyohiyo magimbi nayo yakatoka, kwa sababu nayo hukaa na watoto wake chini ya udongo. Viazi vitamu tulivipitisha; kiazi hupandwa kwa kipande cha shina lake, mama mkwe akasema huyo ni yatima, hana mtu wa kumlilia. Mahindi tulibishana mpaka chungu kikaungua. Yeye alisema hindi limebebwa mgongoni na kufunikwa nguo kama mtoto mchanga. Mimi nikasema tukiyaondoa na mahindi, basi tumpe mzungu maji matupu. Tukayapitisha mahindi kwa shingo upande.

Kwa hiyo siku sita nzima tuliishi katikati ya migomba, tukafunga chakula kwenye majani ya mgomba, tukakifunga kwa kamba za mgomba, na hapakuwa na ndizi hata moja ndani yake. Siku ya saba mzungu aliniuliza, "Bibi, ndizi nyingi hapa. Kwa nini mimi hapana pata ndizi?"

Nikamweleza habari za mama na watoto. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye magimbi alianza kutetemeka mabega, na nilipofika kwenye hindi lenye nguo alikaa chini kwenye nyasi akacheka mpaka miwani ikamwanguka. Halafu akatoa kitabu chake akaandika kurasa mbili. Kuanzia hapo ndizi zikaruhusiwa, na mama mkwe alikasirika. Alisema mtu akiweka mwiko auweke wote.

Sasa nieleze nilivyokuwa nafunga, maana kazi ile niliifanya vizuri na sioni haya kujisifu. Jani unalipitisha juu ya moto kwanza, haraka, mpaka ling'ae na lilegee, la sivyo litachanika. Chini unaweka wali au ugali uliokatwa ukiwa wa moto. Juu yake mboga nzito, si ya maji: kisamvu kilichotwangwa kikapikwa na karanga mpaka kikakauka, au majani ya maboga na ufuta. Pembeni unaweka kunde au mbaazi, na kipande cha boga lililochomwa kwenye majivu ili kuwe na kitu kitamu. Chumvi yetu ilikuwa ya majivu ya nyasi za mtoni. Unakunja pande nne, unafunga, unapanga kwenye tenga na kulifunika kwa majani mengine. Nikilibeba kichwani toka kambini hadi walipo, mvuke wake ulikuwa unanichoma utosi, na walipofungua chakula kilikuwa bado cha moto.

Alinivunjia heshima kwenye jambo moja tu, nalo ni mchele. Kwetu mwanamke hujulikana kwa weupe wa mchele wake. Unatwanga mara tatu, unapepeta, mpaka unakuwa mweupe kama meno. Yeye akasema nitwange mara moja tu, ngozi nyekundu ibaki, kwa sababu ndani ya ngozi ile mna nguvu. Majirani walipouona wali ule mwekundu walimwambia mama mkwe, "Pole, mwenzetu. Mkwe wako anaumwa mikono?" Mama mkwe alianza kutwanga nyuma ya nyumba ili asionekane.

Halafu kulikuwa na kutafuna. Mzungu aliamini kila tonge litafunwe mara thelathini kabla ya kumezwa. Msimamizi akapewa kazi ya kuhesabu kwa sauti. Niliwakuta siku moja wameketi kwenye kivuli, wanaume kumi, mashavu yanakwenda pamoja kama mbuzi, na msimamizi naye mdomo umejaa anasema, "Kumi na nne... kumi na tano..." Ugali ukishatafunwa mara kumi unakuwa umekwisha wenyewe, mara zilizobaki walikuwa wanatafuna mate. Siku niliyoweka mlenda ndiyo ilikuwa balaa. Mlenda hautafunwi. Unaingia kinywani umeshaanza safari. Mume wangu alijitahidi kuuzuia kwa ulimi, akapaliwa, ukamtokea puani. Mzungu mwenyewe alifika kwenye saba, utelezi ukashuka kutoka kwenye ndevu zake mpaka kwenye chombo cha miguu mitatu, akajaribu kuufuta, ukarefuka. Mchana kutwa kila alipochungulia kwenye kioo alikuwa akiona bonde zima linateleza. Aliniomba kwa upole nisiupike tena.

Msinielewe vibaya: watu walikuwa na afya. Miguu ilikuwa myepesi kweli, na tumbo la mume wangu lililokuwa likimsumbua tangu njaa lilitulia. Lakini mioyo yao ilikuwa na huzuni. Walikuwa wakipita katikati ya nyati, swala na viboko, wakivuta mnyororo, na kila mnyama alikuwa anawatazama bila wasiwasi.

Siku moja msimamizi alikuja jikoni kwangu na kifurushi chini ya kanzu. Ndani yake mlikuwa na kambale wa kukausha kwa moshi, kutoka kwa wavuvi wa Mofu, mweusi na mkavu kama kuni.

"Mtwange huyu awe unga," aliniambia. "Tia kwenye kunde. Kidogo tu. Akishaonja ladha, roho yake itafunguka. Roho ikifunguka, na bunduki itafunguka."

Nilikataa. Na hapa lazima niseme kwa nini, ingawa ni habari ya machozi na mimi nilikuwa nawachekesha.

Wakati wa vita kaka yangu alikunywa maji ya dawa kama wengine, akapewa miiko yake. Aliishika mno. Hakugusa alichokatazwa hata kwa bahati mbaya, alikuwa akinawa mikono hata nikimpa kata ya maji, kwa kuwa mkono wa mwanamke nao ulikuwa mwiko. Alikwenda Mahenge na wenzake, na risasi hazikugeuka maji. Waliorudi walikaa wakiulizana nani kati yao alivunja mwiko, nani alikula nini, kwa mkono wa nani. Mama yangu alijiuliza mpaka anakufa kama kuna kitu alikitia kwenye chungu bila kujua. Basi mimi niliyeona hayo, nimtilie mtu mwiko wake ndani ya kunde kwa makusudi? Nilimrudishia msimamizi kambale wake.

Lakini mume wangu alianza kuugua moyo. Alikuwa akila huku anatazama pembeni. Nikimsemesha, anapumua. Siku tatu nzima alipumua. Mwisho akaniambia, "Sisemi umpe nyingi. Mimi nataka harufu tu, nikumbuke." Nami nilikuwa mke mgeni, nampenda. Nikamfuata msimamizi, nikamchukua yule kambale, nikamtwanga. Niliweka konzi moja ya unga kwenye chungu kizima cha kunde, nikajiambia hata hautasikika.

Ulisikika. Mzungu alifungua jani lake, akatia tonge la kwanza, na msimamizi akaanza kuhesabu. Akafika tatu, mzungu ameshameza. Tonge la pili alimeza mbili ikiwa bado haijatamkwa. Alikula fungu lake lote, akalamba jani, akauliza kama kuna jingine. Wanaume kumi walikuwa wanatazama nyasi.

"Bibi!" alisema, na macho yake yalikuwa yameloa. "Kunde hii! Nini ndani?"

Hapo nilipaswa kusema kweli. Badala yake mdomo wangu ulifunguka wenyewe ukasema, "Mzizi, bwana."

"Mzizi gani?"

"Wa... matopeni, bwana."

Akatoa kitabu. Akaandika, akisoma taratibu: "Mzizi wa matopeni." Akauliza unakuaje, una jani gani, maua rangi gani. Nikajibu yote. Uongo ukishaanza unajua njia. Akafunga kitabu akasema mzizi huu atawapelekea watu wa kwao, maana huko wako wengi wanaokula kama yeye na hawana ladha kama hii. "Kesho," akasema, "hapana kazi. Kesho sisi wote tunachimba."

Nilirudi nyumbani nikilia. Mama mkwe aliposikia hakunigombeza, aliuliza tu, "Mzizi wenye ladha ya kambale. Upo?" Tukachemsha mizizi ya matete, ikawa na ladha ya mkeka. Tukachemsha mizizi ya yungiyungi, ambayo tuliila wakati wa njaa. Inaliwa, lakini ladha yake ni yake yenyewe. Tukakubaliana kwamba nitampeleka kwenye dimbwi linalokauka, nimchimbie yungiyungi, nimwambie ladha hubadilika kwa namna ya kupika. Ulikuwa mpango dhaifu lakini tulikuwa hatuna mwingine.

Asubuhi tukaenda, mimi mbele na jembe, mzungu nyuma yangu anaimba kwa kwao, wanaume kumi na msimamizi wakifuata kama watu wa msibani. Tulifika kwenye dimbwi upande wa Idete. Maji yalikuwa yamekwisha, limebaki tope zito na majani ya yungiyungi yamelala juu yake. Nikaonyesha. Nikaanza kuchimba taratibu. Lakini mzungu hakuweza kusubiri. Alivua viatu, akakunja mikono ya shati, akapiga magoti kwenye tope akazamisha mkono hadi begani.

"Nimepata!" alipiga kelele. "Kubwa! Laini!"

Sijui jinsi ya kuwaeleza watu wasiokaa bondeni. Kiangazi dimbwi likikauka, kambale hana pa kwenda. Huzama kwenye tope akakaa humo akisubiri mvua. Kila mtu pale alijua, isipokuwa mmoja.

Aliushika ule mzizi kwa mikono miwili akauvuta kwa nguvu zake zote. Ukatoka. Ulikuwa na kichwa kipana, masharubu marefu, na mkia ambao ulimpiga mzungu shavu la kulia, halafu la kushoto, na miwani ikaruka. Kambale mnene kama paja la mtu. Akalia, maana kambale akitolewa majini hulia: kwee. Mzungu naye akalia. Lakini hakumwachia.

Mzungu alimtazama kambale, na kambale akamtazama mzungu. Halafu yule bwana aliinua vidole vyake akanusa. Akanusa tena, taratibu, na nikaona anaikumbuka harufu.

"Bibi," alisema. "Huyu ndiyo mzizi?"

"Ndiyo, bwana."

"Mzizi ana ndevu."

"Ndiyo, bwana."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mzizi ana mama?"

Nikakaa kwenye tope mbele yake, na kanga yangu yote. "Alikuwa naye, bwana. Nimekukosea. Nisamehe."

Mume wangu akaingia kwenye tope akasimama pembeni yangu. "Si yeye, bwana. Ni mimi nilimsumbua. Nilikuwa nataka harufu." Alisema hivyohivyo, mbele ya watu. Msimamizi naye alisogea, nikadhani naye anakuja kuungama, kumbe alikuwa amenyoosha mikono. "Bwana anisaidie nimshike mimi," alisema, macho yake yako kwa kambale. "Anateleza huyu."

Mzungu hakumpa. Alisimama, akavua ile kofia yake ngumu, akamwambia mtu aijaze maji ya kibuyu. Akamweka kambale ndani, kichwa upande huu na mkia unaning'inia upande wa pili, akaanza kutembea kuelekea mtoni.

Mto ulikuwa mbali. Jua lilikuwa kali, na yeye kichwa wazi, hana viatu, tope linamkaukia mwilini. Tulimfuata wote kwa mstari, hatukujua la kufanya. Kofia ikikaukiwa, mtu anamimina maji kutoka kwenye kibuyu. Mwishowe msimamizi akafungua mwavuli wa kukingia jua kile chombo cha miguu mitatu, akawafunika mzungu na kambale, akamtembeza kambale kivulini kama bibi harusi, na machozi yalikuwa yanamtoka, lakini si ya toba.

Tulipofika ukingoni mzungu aliinamisha kofia, kambale akaingia majini, akapotea. Mvuvi mmoja alikuwa kwenye mtumbwi wake hapo karibu, ameshika mkuki, anatutazama. Alituamkia vizuri. Alisubiri mpaka watu wote wamegeuza migongo, halafu akauchoma mto mara moja, kwa adabu. Mimi peke yangu ndiye niliyemwona. Sikumwambia mtu.

Mzungu alikaa ukingoni, nami nikakaa mbali kidogo. Nilimwambia habari za kaka yangu na miiko yake, kwa Kiswahili changu kibovu. Naye kwa Kiswahili chake kibovu akanieleza kwamba alipokuwa mtoto alimlea ndama, akampa jina, na siku ya harusi ya dada yake alikula nyama akaisifu sana, watu wakacheka, ndipo akajua ni nani. "Leo mimi nakumbuka ile siku," alisema. Nililia upya. Nilikuwa nimemfanyia kilekile.

Nikamuuliza, "Sasa mwiko umevunjika, bwana. Utafanyaje?"

Alishangaa swali lenyewe. "Kesho naanza tena," alisema.

Nilimwangalia sana. Kwetu mwiko uliovunjika ulikuwa umevunjika, na watu walikufa ndani yake, na mama alikufa akiutafuta. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba mtu anaweza kulala, akaamka, akanawa uso, akaanza tena. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kuliko nilivyokwenda, ingawa kanga ile haikupona.

Asubuhi yake nilikwenda kambini nikitegemea kufukuzwa. "Shikamoo, bibi," alisema. Nikasema marahaba. Kisha akatoa amri mpya. Watu wanaotaka samaki walete wao wenyewe, lakini wakale upande ambao upepo hautoki, umbali wa minyororo miwili kamili. Na ilipimwa! Mume wangu mwenyewe alishika ncha moja, wakanyoosha, wakachomeka kijiti chenye bendera. Msimamizi akahamia kwenye kijiti chake na kambale wake, akala huku anahesabu kwa mazoea mpaka thelathini.

Mimi nilikuwa nimeudhika na jambo moja: kunde zangu kusifiwa kwa sababu ya samaki. Nikaanza kujaribu. Nilikaanga ufuta mpaka ukakaribia kuungua, nikauponda na mbegu za kweme zilizokaushwa juu ya moshi wa jiko, nikatia uyoga mkavu. Nilipounga kunde kwa huo mchanganyiko harufu ilitoka nzito, mama mkwe akaja mbio akiuliza nimeanza tena? Mzungu naye hakuniamini. Alikuja kukaa jikoni, akanusa kila kibuyu, akaniambia niponde mbele ya macho yake. Alipoonja alifumba macho. Akatafuna thelathini zote. Katika wiki ile wanaume watano kati ya wale waliohamia kwenye kijiti walirudi kwenye tenga langu polepole, mmoja mmoja, wakisema ni kwa sababu ya kivuli.

Mvua zilipoanza, bonde likajaa maji na kazi ikasimama. Mzungu alifunga vyombo vyake. Tulimfungia mafungu manane ya njiani: ndizi za kuchoma, viazi, wali mwekundu na zile kunde, na mama mkwe alimwekea pishi moja ya mchele mweupe kabisa aliotwanga mara nne, ili asiende kututangaza huko kwao. Gari la moshi halikuja. Vijiti vyake watu walivitumia kufungia mbuzi.

Mwaka uliofuata boma liliwachukua wanaume kulima pamba, na kwenye shamba lile hapakuwa na chakula cha mchana isipokuwa ulichobeba. Nilimfungia mume wangu, halafu jirani akaniomba nimwonyeshe mkewe namna ya kulainisha jani, halafu wakaja wanne, halafu sikuwahesabu tena. Asubuhi uani kwangu palijaa moshi na kelele. Wanawake walibishana kuhusu namna ya kukunja, huyu anasema pande nne, huyu tatu, na mama mkwe anapita katikati yao na kamba za mgomba begani, akiwaambia wasitwange mchele mara ya tatu kwa sababu nguvu iko kwenye ngozi, kama vile yeye ndiye aliyeligundua jambo hilo.